Kibodi Iliyojua Kifaransa

Vijana wa kitengo cha TEHAMA mmeniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijasahau. Asanteni kwa kuamini kwamba bado sijasahau. Nilistaafu miezi miwili iliyopita, niko kwangu Cheyo nafuga kuku, na kila asubuhi kabla sijamaliza kuwawekea maji simu inalia: "Mama Pelagia, samahani, tunajua umestaafu, ila kompyuta..." Kwa hiyo naandika. Mkishasoma, niacheni na kuku wangu.

Vyeo sitavizungumzia, kwa sababu nilipopanda cheo nilibaki kwenye kiti kilekile chenye mguu mbovu. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya kibodi. Najua mlitarajia mambo ya wadukuzi na usalama wa mitandao, lakini katika miaka yangu yote wadukuzi hawakuwahi kufika Tabora, nadhani ni kwa sababu ya umbali. Kilichotutesa sisi ni herufi.

Nilianza kama mpiga chapa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashine ya chuma ambayo kama ningeidondosha mguuni, leo ningekuwa natembelea fimbo, na nikakabidhiwa kwa Mama Theodora, mkuu wa chumba cha wapiga chapa. Alikuwa Mmoraviani mnyoofu, mwembamba, asiyecheka kabla ya chai. Alinitandikia kitambaa juu ya mikono, kikafunika vidole na mashine yote.

"Haya, andika."

"Mama, sizioni herufi."

"Nani amekuambia uzione? Kuna hata moja iliyohama tangu jana?"

Niliandika chini ya kitambaa kile wiki tatu. Nilimchukia wiki mbili za mwanzo. Baadaye nilielewa alichokuwa ananipa: anayeandika bila kutazama vidole hutazama kilichotoka kwenye karatasi. Anayetazama vidole huona alichobonyeza tu, akaridhika, akaenda kunywa chai. Nusu ya matatizo ya kompyuta niliyoyatibu baadaye yalitokana na watu wa aina hii ya pili, na wengi wao walikuwa na shahada.

Kompyuta ya kwanza ofisini kwetu ilikaa miezi mingi bila kuvuliwa nailoni. Ilitandikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pakawekwa maua ya plastiki. Mimi ndiye niliyetoa maua. Kwa kitendo hicho kimoja nikawa mtaalamu wa kompyuta wa ofisi, na nikabaki kuwa mtaalamu mpaka nilipostaafu. Mafunzo yalikuja baadaye, kama yanavyokuja siku zote, watu wakishaharibu vya kutosha.

Hapo ndipo nilipoanza kuitwa wilayani, kwa basi na kwa treni. Ujumbe ulikuwa uleule: kompyuta imerogwa. Puge kulikuwa na mwalimu mkuu ambaye akibonyeza alama ya barua pepe, ile a yenye mkia, inatoka alama ya kufungua usemi. Alikuwa ameishi hivyo mwaka mzima. Hakulalamika, alijitafutia njia: alihifadhi waraka wenye alama ile moja tu, akaupa jina "Kichaa", na kila akitaka kutuma barua pepe anaufungua, ananakili, anabandika. Nilipomwonyesha kwamba kompyuta ilikuwa imewekewa mpangilio wa kibodi ya Uingereza wakati kibodi yenyewe ni ya Marekani, na kwamba alama yake ilikuwa imehamia tu upande wa kulia, karibu na Enter, aliibonyeza mwenyewe, ikatoka.

"Kwa hiyo ilikuwepo siku zote?"

"Ilikuwepo, mwalimu."

"Basi usiwaambie walimu wangu."

Sijawaambia mpaka leo, na ninyi hamfundishi Puge.

Usoke ilikuwa tofauti. Karani wa chama cha wakulima wa tumbaku alipiga simu kwamba kibodi imebadilika ghafla, hakuna neno linalotoka sawasawa. Nilikwenda nimejiandaa kwa mipangilio ya lugha zote. Nikakuta amevibandua vitufe vyote ili kufuta vumbi la tumbaku, akavirudisha kwa mpangilio wa A, B, C, D. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alivyovikuta mwanzo vilikuwa ovyo ovyo, akadhani fundi aliyetangulia hakuwa makini. Kusema kweli hoja yake ilikuwa na akili kuliko ya waliobuni kibodi. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa mipangilio yoyote, natazama kwanza kama Q iko mahali pa Q.

Sasa nanyi sikilizeni, maana hili mnalipigia simu kila wiki. Mtu akikwambia nywila yake inakataliwa na anaapa kwa watoto wake kwamba ndiyo ileile, usibadilishe nywila. Mwambie aiandike kwanza pale penye jina la mtumiaji, ambapo herufi zinaonekana, kisha aifute. Akibonyeza A ikatoka Q, hajasahau kitu. Tazama chini kulia karibu na saa, kuna herufi tatu zinazotaja lugha ya kibodi. Ikiwa kuna lugha mbili, ondoa ile isiyotumika, uiondoe kabisa, usiigeuze tu ukaondoka ukijiona fundi. Zima na ile njia ya mkato ya Alt na Shift, kwa sababu vitufe hivyo viwili vikibonyezwa pamoja kompyuta inahamia lugha nyingine bila hodi. Halafu kumbuka kwamba ukurasa wa kuingilia una mpangilio wake wenyewe, na kwamba kompyuta nyingine huipa kila programu lugha yake: barua inatoka vizuri, programu ya pembeni inatoa vichekesho. Mji huu umepitiwa na misafara ya kutoka pwani hadi ziwani, kila kundi na lugha yake, na watu wakaelewana. Mashine moja yenye lugha mbili ndiyo iliyotushinda.

Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu ya Josephine.

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Nilikwenda kwenye ofisi moja ya kutolea vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, upande wa magharibi, ambayo sitaitaja kwa sababu bado wananisalimia. Niliitiwa printa. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mbele ya dirisha la karani alisimama msichana wa Ulyankulu, kwenye makazi ya Warundi, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono yote miwili. Karani tumwite Masanja. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, mwenye mwandiko mzuri kuliko kompyuta zote za wilaya.

"Hilo ndilo jina lako kwenye mfumo," Masanja alikuwa anamwambia.

"Siyo langu, mzee."

"Mfumo haudanganyi, binti yangu."

Msichana aliponiona akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nione."

Cheti cha kuzaliwa kilisomeka JOSEPHINE NYQNDZI. Cheti chake cha kidato cha nne kilisomeka Josephine Nyandwi. Alikuwa amepata nafasi chuo kimoja cha uuguzi mjini, usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa, na chuo kilimwambia kwamba hawa ni watu wawili, achague mmoja alete vyeti vyake vyote. Nafasi ya pili haipo. Kwao walikuwa wameuza mahindi yote ili aende.

"Mimi nilijua ni Kirundi," Masanja alijitetea. "Majina yenu yana mambo mengi."

"Nyandwi maana yake mtoto wa saba," Josephine alisema taratibu. "Baba yangu ni wa saba kwao. Huyu aliyeandikwa hapa sijui ni wa ngapi."

"Na baba yako alikipokea mwaka jana akasaini."

"Alisema labda serikali ina mwandiko wake."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Karani aliheshimu jina kwa sababu halieleweki, mwenye jina akaheshimu cheti kwa sababu kina mhuri, na Q ikapita katikati yao na heshima zake zote. Kiswahili hakina kazi na Q. Kirundi nacho, niliuliza, hakina.

Ukiona Q mahali pa A na Z mahali pa W, hiyo ni kibodi ya Kifaransa, huhitaji mganga. Lakini kwa nini jina la kwanza lilikuwa sawa? Josephine halina A wala W, hilo moja. Na tarehe? Masanja aliandika tarakimu kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, ambavyo havijali lugha. Kijiji kilichaguliwa kwenye orodha. Kwa hiyo cheti kizima kilikuwa safi isipokuwa mahali palipohitaji kuwa safi.

Nikamwomba Masanja aandike kama anavyoandika siku zote. Akafungua rejista kubwa, ile ya jalada gumu, akailaza upande wake wa kushoto kama alivyofanya tangu kompyuta ilipoletwa, na kona ya jalada ikawa inakibonyeza kitufe cha Alt kila alipoinama kusoma jina. Akabonyeza Shift ili aanze jina kwa herufi kubwa. Chini kulia, karibu na saa, Kiingereza kikawa Kifaransa. Akabonyeza Shift kwa jina lililofuata, kikarudi Kiingereza. Yeye alikuwa anatazama rejista, halafu vidole, halafu rejista. Skrini aliiachia kazi yake.

"Kifaransa kimefikaje hapa?" aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Mimi hata bonjuu siijui."

Nikasema huo ndio uzembe wenyewe, tutamjua aliyekiweka, na nikatoa daftari langu la kazi ili nitafute ni fundi gani aliyepita pale. Nilikuwa nimeanza na hotuba. Kwenye ukurasa wa miaka miwili nyuma nilikuta mwandiko wangu: wageni wa mradi wa kuandikisha wakazi wanaandika kwa Kifaransa, nimewaongezea, kuondoa wakiondoka. Mistari mingine yote ya ukurasa ule ilikuwa na alama ya vyema. Ule haukuwa nayo.

Niliona aibu, tena aibu ya kutaka kujificha chini ya meza. Nilikuwa nimewacheka watu wa Puge na Usoke kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja wao aliyempotezea mtu jina.

Fomu ya marekebisho ilikuwa na visanduku viwili. Kosa la mwombaji: hati ya kiapo, tangazo, na kusubiri wiki kadhaa. Kosa la ofisi: barua inayomtaja kwa jina mtumishi aliyesababisha, nakala kwenye jalada lake, na cheti kipya siku hiyohiyo. Masanja alishazoea kuweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Cha pili, alisema, hakijawahi kutumika.

Nikaenda kwa mkuu wa ofisi.

"Andika ni hitilafu ya mtandao," alinishauri kwa upole.

"Mkuu, kompyuta ile haina mtandao."

"Si ndiyo hitilafu yenyewe hiyo?"

Tulicheka wote wawili. Halafu akasema jambo lililokuwa na busara yake: barua ile ingeingia kwenye jalada langu nikiwa nimebakiza miezi minne, mafao yakiwa mezani kwa mtu mwingine, na kuna watu hupekua majalada wakitafuta sababu. Niliogopa. Nilirudi kwenye korido nikisema moyoni kwamba huyu binti ni mdogo, chuo kitakuwepo hata mwakani. Josephine alikuwa ameketi kwenye benchi, bahasha mapajani. Hakujua tunajadili nini. Aliniona, akasogea kidogo ili nami nipate pa kukaa.

Sikukaa. Niliandika barua kwa kompyuta ileile, baada ya kuondoa Kifaransa chote. Niliandika kwamba mpangilio wa kibodi uliongezwa na mimi, ulipaswa kuondolewa na mimi, haukuondolewa, na kosa ni langu. Nikasaini. Masanja alitaka na yeye asaini pembeni, nikamwambia fomu ina nafasi ya mtu mmoja. Cheti kilitoka saa nane mchana. Kabla hakijapigwa mhuri nilimgeuzia Josephine skrini, akasoma jina lake kwa kidole, herufi moja moja. Kesho yake alinitumia ujumbe: "Mama, wamepokea."

Ningeweza kuishia hapo nikajisifu, lakini Masanja aliniuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: kama kona ya rejista imekaa pale miaka miwili, Josephine yuko peke yake? Tukaiambia programu itafute kila jina lenye Q. Hiyo ndiyo raha pekee ya kosa hili, linajianika lenyewe. Zilitoka kurasa kadhaa. Tulizisoma pamoja, Masanja akivitaja vijiji kimoja kimoja. Wote walikuwa watu wa Ulyankulu na vijiji vya jirani, watu wenye majina ya Kirundi. Hapakuwa na Msukuma hata mmoja, wala Mnyamwezi, wala mtu wa mjini.

"Abdallah akitoka na Q kwenye karatasi," alisema mwishowe, "niliona ni kosa, nikalisahihisha. Haya niliyaona ni majina."

Simwandiki Masanja ili mumcheke. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha wino wa printa ileile, nikachapisha cheti kimoja cha majaribio. Kilikuwa na Q mbili. Nilikishika kwenye mwanga wa dirisha, nikasema wino umekolea vizuri.

Kila jina lilihitaji barua yake. Kwa hiyo miezi minne ya mwisho ya kazi yangu niliimalizia kuandika kosa ni langu, kosa ni langu, mpaka jalada langu likafungwa kwa kamba. Mafao yalikuja. Aliyepekua jalada nadhani alichoka kwenye barua ya kumi. Masanja alihamishia rejista upande wa kulia, na akaanza kumwuliza kila mtu jina linatamkwaje, jambo lililofanya foleni iwe ndefu na watu wamlalamikie.

Kati ya waliokuja alikuwamo Mzee Nyandwi, baba yake Josephine. Alikuwa na bahasha ya kaki kama ya binti yake. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kifo cha mkewe: LEONIE NYQNDZI. Nilimpa pole, nikaandika barua haraka, maana sasa nilikuwa nimezoea, na cheti kipya kikatoka. Alikisoma, akakikunja mara nne.

"Asante, mama. Na msalaba?"

"Msalaba gani, mzee?"

"Fundi alikataa kuandika jina kwenye msalaba bila kuona cheti. Alisema hataki makosa. Nikampa cheti, akaandika kama kilivyo." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza dirisha la kulipia liko wapi. "Huo unasahihishwa kwa barua gani?"

Nilimwuliza fundi alitumia rangi gani. Akasema nyeusi juu ya nyeupe.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Ulyankulu na kopo dogo la rangi nyeupe, kopo dogo la rangi nyeusi na brashi mbili. Msalaba ulikuwa wa saruji, umesimama vizuri, na fundi alikuwa na mkono mzuri. Q ile aliichora kwa uangalifu kuliko herufi zote, mkia umepinda kama inavyotakiwa. Niliifuta kwa nyeupe, nikaifuta na Z, tukasubiri jua likaushe. Mzee alishika kopo la nyeusi, mimi nikaandika A, kisha W. W ikawa pana kidogo. Nikamwomba radhi kwa W, na kwa yale mengine.

Aliisoma W ile muda mrefu. Kisha aliweka kopo chini, akavua kofia, akamwambia mkewe kwa Kirundi maneno ambayo sikuyaelewa, isipokuwa jina, na lilikuwa sahihi.